Jike Anayejificha kwa Sura ya Mwingine

Dume la kipepeo Papilio dardanus lina mabawa ya manjano yenye mikia. Jike, katika sehemu kubwa ya bara la Afrika, halina mkia. Mara nyingi ni jeusi lenye mabaka meupe, kama vipepeo wa jamii ya Amauris ambao ndege huwakwepa kwa ubaya wa ladha yao.

Mayai hutagwa kwenye majani ya michungwa, milimau na miti ya msituni ya ukoo huo. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akichokozwa, hutokeza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zinazonuka.

Vipepeo kama huyu pia hufugwa: kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, mradi wa ufugaji wa vipepeo uitwao Kipepeo ulianza mwaka 1993. Wanavijiji hufuga viwavi, pupa huuzwa ng'ambo, na vipepeo wazazi hunaswa msituni humo.