Chasisi nyepesi au nene? Makaa ya Ngaka na hesabu ya mizani

Malori ya makaa ya mawe yanatoka Ngaka kule Mbinga, yanapita hapa kwetu Songea, yanakwenda Namtumbo, Tunduru mpaka bandari ya Mtwara. Vijana tukikaa kijiweni tunabishania kichwa, Scania au Howo. Leo naomba tuiname tuangalie chini, kwenye chasisi, zile boriti mbili ndefu zinazobeba kila kitu.

Wengi wanasema chasisi nene ndo ya kazi. Mizani haikubali. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inataka gari na mzigo visizidi tani 56, na semi-tela ya ekseli sita kawaida inaishia tani 50. Tuseme lako likiwa tupu lina tani 18. Makaa ni tani 32 basi. Punguza kilo 500 za chuma, unapakia kilo 500 zaidi kila safari. Baada ya safari 64 umebeba tani 32 za ziada, yaani safari nzima bure! Ndo maana matajiri wanapenda gari jepesi.

Wepesi unapatikanaje? Kuna alumini. Kwa ujazo uleule uzito wake ni kama theluthi ya chuma, na Marekani Kenworth na Peterbilt walishatengeneza chasisi zake. Tatizo ni kwamba inanepa mara tatu zaidi, kwa hiyo boriti lazima iwe kubwa, na faida inapungua. Halafu ikifungwa na bolti za chuma, maji ya mvua yakiingia katikati, inaliwa palepale.

Kuna pia chuma cha nguvu. Chuma cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja kwenye megapaskali 235 hadi 355, hiki kinafika 700 na kuendelea, kwa hiyo bamba linaweza kuwa jembamba. Ila nguvu siyo ukakamavu, jamani. Vyuma vyote hivi vinanepa sawasawa vikiwa na unene mmoja. Ukipunguza unene, gari linanepa zaidi hata kama halivunjiki.

Sasa ishu yenyewe. Mjomba wangu alinunua tela la mtumba, likapata ufa kwenye boriti. Fundi akachomelea kiraka kinene, kizuri kabisa kwa macho. Haikupita miezi mingi ufa ukaja tena, siyo pale pa zamani, bali pembeni ya kiraka. Mjomba akamlaumu fundi kwamba kalipua kazi. Kumbe chuma kilichopata nguvu kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa, ukikichomelea kinalegea karibu na mshono. Na kiraka kigumu hakinepi, kwa hiyo mtikisiko wote unaishia ukingoni mwake. Tena penye mshono, chuma cha nguvu kinachoka karibu sawa na cha bei rahisi, yaani ile hela ya ziada imepotea. Ndo maana baadhi ya boriti zina maandishi kabisa: usichomelee, usitoboe kingo za juu na chini.

Kwa hiyo ukienda kukagua mtumba, usidanganywe na rangi mpya. Chukua tochi, lala chini, fuata boriti kuanzia mbele hadi nyuma. Mstari wa kutu unaochungulia kwenye rangi, hasa karibu na springi au penye kiraka, mara nyingi ni ufa. Ukiuona, mwambie muuzaji ashushe bei ya boriti nzima, siyo ya kiraka. Akikataa, panda bodaboda urudi mjini.

Mafundi wa Msamala na Mfaranyaki, huwa mnazibaje ufa wa namna hii?