Makiso: kaye moja, biki moja, dakika 10 kwa siku. Namna ya kuanza kuchora

Mbele ya kujua kuandika, karibu kila mtoto anachora: kwa kijiti kwenye mchanga, kwa makaa kwenye ukuta wa nyumba. Kisha shule inaanza, mzazi anakataza kuharibu kaye, na mkono unaacha. Miaka inapita, mtu anasema: «Mimi sijui kuchora.» Mara nyingi hakukosa kipaji, alikosa mazoea tu. Na mazoea yanaweza kurudi hata kwa mtu wa miaka 40, awe mwalimu, muuzaji wa soko ao kijana anayengojea kazi.

Kaye ya michoro si kitu cha maonyesho. Ni kaye ya kawaida ambamo mtu anachora kitu kimoja kidogo kila siku, anaweka tarehe na kuandika maneno machache pembeni. Si lazima mtu mwingine aione.

Kwa nini kwenye karatasi?

Historia ya Congo inatoa jibu. Mwaka 1926, huko Bukama katika Katanga, Mbelgiji mmoja mwenye kazi ya serikali, Georges Thiry, aliona michoro kwenye kuta za nyumba za wenyeji. Alimpa mmoja wa wachoraji, Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za tembo, karatasi na rangi za maji. Mke wake, Antoinette Lubaki, naye alichora. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels, na mwaka 2015 watu waliziona tena Paris, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Congo. Ukuta wa udongo haudumu mbele ya mvua. Karatasi ndiyo iliyobaki.

Kisangani nayo ina mtoto wake kwenye kazi hii. Barly Baruti alizaliwa hapa mwaka 1959, na leo anajulikana Congo na Ulaya kwa hadithi zake za picha, zile watu wanaita bede. Moja yake, Madame Livingstone ya mwaka 2014, inasimulia Vita ya Kwanza ya Dunia kwenye Ziwa Tanganyika.

Vifaa: usingoje pesa mingi

Kaye ya shule inatosha. Anayetaka kaye isiyo na mistari anaweza kuitengeneza mwenyewe. Anunue karatasi 8 kwenye nyumba ya fotokopi, azikunje zote pamoja katikati: inakuwa kurasa 32, ni kusema mwezi mzima kwa ukurasa mmoja kila siku. Atoboe matundu matatu kwenye mkunjo. Sindano iingie tundu la katikati kutoka ndani, itoke inje, irudi ndani kwa tundu la juu, ishuke hadi la chini na kutoka inje, kisha irudi ndani kwa lile la katikati. Afunge ncha mbili za uzi pale, kaye imekwisha.

Kwa kuandikia, biki ni nzuri kuliko fetre. Wino wa biki una mafuta, hautawanyiki haraka ukipata maji. Hapa karibu na ikweta mvua inanyesha karibu kila mwezi, basi kaye ikae ndani ya mfuko wa plastiki. Tena biki haifutiki, na hiyo ni faida kwa mwanafunzi: mstari ukikosea, anachora mwingine kando yake na kuendelea. Mwenye kufuta sana hamalizi ukurasa.

Saa gani?

Watu wengi wanaanza kwa nguvu, wanachora saa mbili siku ya kwanza, na juma la pili wanaacha. Afadhali dakika 10 zilizofungwa kwenye jambo ambalo mtu anafanya kila siku: kisha chai ya asubuhi, ao wakati chungu kiko motoni. Kwa sababu umeme unakatika mara kwa mara, saa nzuri ni ya mwangaza wa jua.

Ukikosa siku moja, usianze kaye mpya. Andika tarehe ya leo na uendelee. Usipasue ukurasa mbaya, juu ya ule ndio utakaokuonyesha mwisho wa mwezi kama umetembea.

Kuchora nini, na namna gani?

Juma la kwanza, vitu visivyotembea: kikombe, kandambili, mkono wako wa kushoto, kichane cha ndizi. Angalia kitu kuliko unavyoangalia karatasi. Weka kwanza alama ndogo pale kinapoanzia na kuishia, juu na chini, kushoto na kuume. Mistari inakuja nyuma.

Juma la pili, jaribu toleka iliyosimama. Wanaoanza wanachora magurudumu yakigusana ao yakiwa mbali sana. Kwenye kinga ya kawaida, nafasi kati ya magurudumu mawili ni karibu nusu ya upana wa gurudumu moja. Ukipata ile nafasi, chuma kingine kinapata mahali pake. Usisahau kiti cha abiria nyuma: ndicho kinachofanya kinga kuwa toleka.

Kisha toka: kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire kando ya mto, mitumbwi inayovuka, ao, kilomita chache kutoka Makiso, miti ya Wagenia iliyosimikwa ndani ya miamba ya maporomoko, na vikapu vikubwa vya kutega samaki.

Lakini kuna adabu. Mbele ya kuchora mtu, mwombe ruhusa: «Mama, naweza kuchora meza yako?» Akikataa, shukuru na upite. Na usichore kambi ya jeshi, uwanja wa ndege, madaraja ao kituo cha umeme bila ruhusa. Mwenye kaye anaweza kushukiwa sawa na mwenye kupiga picha.

Maneno mawili pembeni

Andika mahali, bei ya makemba siku ile, ao neno ulilosikia. Kiswahili, Lingala, Kifaransa, lugha yoyote ni sawa.

Mtu aliyekuwa na miaka 10 wakati wa Vita vya Siku Sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani, leo ni mzazi. Kama hakuna picha, watoto wake wanaijua avenyu ya zamani kwa maneno tu. Na si vita peke yake vinavyobadilisha mji. Toleka zilizojaa barabara zamani, leo pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya abiria wake. Mwenye kuchora moja leo, hata kwa mistari iliyopinda, ana kitu cha kumwonyesha mjukuu.