Unasihi Unaothibitisha Utu wa Watu Wazima Wenye Usonji: Mazingira ya Ring'wani, Wilaya ya Serengeti

Unasihi unaothibitisha humpokea mtu mzima mwenye usonji kwa namna yake ya kuhisi na kuwasiliana, pasipo kuichukulia kuwa maradhi ya kuponywa. Tofauti hii si ya maneno tu, kwani tafiti zimehusisha juhudi za kuficha usonji na wasiwasi pamoja na sonona.

Katika Ring'wani, suala la macho lahitaji uangalifu wa pekee. Vipimo vingi vilivyobuniwa Ulaya na Marekani huhesabu kutomtazama mtu usoni kuwa dalili. Ilhali mbele ya mkubwa, kuinamisha macho ni adabu. Mtu huweza kufikia utu uzima bila kutambuliwa, akisifiwa kwa heshima yake, kisha akaitwa mwenye kiburi anapokimbia kelele za mnada. Ni vyema mnasihi aanze na kinachomchosha: sauti, umati, au ratiba iliyovunjwa ghafla.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka heshima ya utu na uhuru wa kujiamulia miongoni mwa misingi yake. Kwa hiyo, hata mteja aliyeletwa na kaka yake ili "arekebishwe", ndiye mwenye kutaja lengo la kikao.