Mpaka na kikapu cha mama: Jumuiya ya Afrika Mashariki inatuletea nini?



Katika makanisa yetu ya Goma, Bukavu, Uvira na Kasindi wako wamama wanaoamka saa kumi ya alfajiri ili wafike mpakani mapema. Wanavuka na kikapu au beseni kichwani, na jioni wanarudi. Chakula cha watoto, pesa ya masomo na hata sadaka ya Jumapili vinatoka katika kikapu hicho. Siku mpaka unapofungwa, nyumba nyingi hazipiki.

Wamama hao wanatuuliza: tangu nchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, tumepata ruhusa gani? Wengine wanadhani sasa kila kitu kinavuka bure. Wengine wanaogopa kwamba wageni watachukua mashamba yetu. Tueleze polepole.

Kongo ilikubaliwa na wakuu wa nchi tarehe 29 Machi 2022, Rais Félix Tshisekedi akatia sahihi mkataba kule Nairobi tarehe 8 Aprili, na uanachama ukakamilika mwezi wa Julai mwaka huohuo. Leo Jumuiya ina nchi nane: Burundi, Kenya, Kongo, Rwanda, Somalia, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inataka bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji vivuke kwa uhuru. Inataka pia mwananchi wa nchi moja aingie nchi nyingine bila viza. Lakini bila viza si bila karatasi: lazima awe na hati inayokubaliwa. Tena kila serikali inaweza kuzuia kwa sababu ya usalama au afya. Tuliyaona hayo mwaka 2020, wakati wa korona, mipaka ilipofungwa na wengi wakala mtaji wao wote.

Kuhusu mashamba, itifaki inasema wazi kwamba ardhi inabaki chini ya sheria za kila nchi. Basi hofu hiyo isitugombanishe na majirani.

Kwa mfanyabiashara mdogo, Jumuiya ina cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Kinahusu mizigo isiyozidi dola 2.000 iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama, na kinaondoa ushuru wa forodha. Hakiondoi kodi nyingine wala ukaguzi wa afya. Hapa tuwe wakweli: kutia sahihi ni kazi ya siku moja, kutekeleza ni kazi ya miaka, na kwetu utekelezaji bado haujakamilika. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua, maana mpaka mmoja si sawa na mwingine.

Jambo jingine linatoka katika sheria yetu wenyewe. Dekreti ya mwaka 2002 iliruhusu huduma nne tu kufanya kazi mpakani: forodha, uhamiaji, ukaguzi wa bidhaa na usafi wa afya. Lakini wamama wanatuambia wanakutana na mikono mingi kuliko hiyo, na mara nyingi wanalipa bila kupewa risiti. Franka mia tano hapa, elfu moja pale, na faida ya siku imekwisha.

Karatasi peke yake haitoshi. Mwaka 1976 Kongo, wakati ule Zaire, pamoja na Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya ya CEPGL, makao yake Gisenyi. Ilileta mema: bwawa la Ruzizi II bado linagawa umeme kwa nchi hizo tatu. Lakini vita vya miaka ya 1990 viliidhoofisha. Na leo, vita vikiwa bado katika Kivu, tunajua kwamba uhuru wa kuvuka unahitaji amani na uaminifu.

Tufanye nini basi? Wamama wasivuke kila mtu peke yake. Wajiunge katika vikundi, wajue bei halali, na waombe risiti kwa adabu. Wasomi wa kanisa wawasaidie wale wasiosoma kujaza karatasi. Na muuzaji anayetoka ng'ambo asipunjwe sokoni kwetu kwa sababu ya lugha yake, maana tunaomba watu wetu wapokelewe vizuri kwao.

Mwisho, tunasema kwa upendo: si wamama wa kikapu tu wanaoketi katika makanisa yetu. Wale wanaofanya kazi mpakani nao wako humo, wanaimba nasi katika kwaya moja. Mabadiliko hayangoji mkutano wa marais. Ndugu yetu mmoja akianza kesho kuandika risiti kwa kila franka anayopokea, mpaka utakuwa umefunguka kidogo.