Kanga kwenye taa: pima urefu, pima na mwanga

Karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji kupitia Tabora ilitumia vitambaa kama pesa. Merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa kutoka Marekani, kilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono 8 ilikuwa doti moja. Leo ukinunua kanga bado unaomba doti, yaani vipande viwili, na kipande kimoja kinakutosha kutengeneza kifuniko cha taa.

Anza na hesabu. Fremu ya duara yenye kipenyo cha sentimita 30 ina mzunguko wa 30 × 3.14, kama 94 hivi. Ongeza 2 za mshono. Kanga ina urefu wa kama 150, kwa hiyo kata upande wa chini: jina likae katikati, pindo lizunguke ukingoni.

Ila kabla ya kukata, inua kanga dirishani. Mchana unaona mwanga unaoakisiwa na kitambaa. Usiku, taa ikiwaka ndani, unaona mwanga uliopenya. Nyeusi huuzuia, nyeupe na njano huupitisha. Kanga iliyojaa weusi itapendeza mchana, halafu usiku chumba kibaki giza.

Kwenye balbu usifanye mchezo. Ile ya zamani ya wati 60 hugeuza umeme mwingi kuwa joto, na kioo chake huweza kupita nyuzi 100. Pamba inaungua, nyumba nayo. Weka LED ya wati 9 hivi: mwanga karibu uleule, joto kidogo. Hata hivyo kitambaa kisiguse balbu, na juu pawe wazi ili joto litoke.