Mkanda wa gari si kipimo cha mtoto

NDUGU msomaji, asubuhi watoto wanapopelekwa shule, tazama magari madogo yanayopita hapa Levolosi. Utamwona mtoto wa miaka sita amesimama katikati ya viti vya mbele, na mdogo wake amepakatwa na mama. Aliyefunga mkanda ni baba peke yake, naye kwa kumwogopa trafiki.

Ukimuuliza mama atakujibu: "Nimemshika." Lakini gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 20 hurushwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara nyingi. Hakuna mikono inayoweza kumzuia.

Je, tumfunge mkanda wa mtu mzima? Ni afadhali kuliko kumwacha wazi, lakini haitoshi. Kwa mtoto mfupi mkanda hupita shingoni, na sehemu ya chini hukaa tumboni badala ya kwenye nyonga. Gari likigonga, hukandamiza utumbo, ini na bandama. Mtoto anaweza kutoka ajalini bila jeraha la nje, kumbe anavuja damu ndani. Ukiona alama ya mkanda tumboni, au akilalamika tumbo, mpeleke hospitali mara moja.

Dawa yake ni kiti maalumu cha kumwinua mtoto, ili mkanda ukae kwenye mifupa imara. Humfaa mtoto wa kuanzia miaka minne hivi hadi afikie urefu wa karibu sentimita 150. Aliye mdogo zaidi anahitaji kiti chenye mikanda yake, na mtoto mchanga hutazamishwa nyuma ya gari.

Zingatia haya:

1. Kiweke kiti cha nyuma, penye mkanda unaopita begani na kiunoni. Mkanda wa kiunoni pekee haufai.

2. Mkanda wa chini ulale juu ya mapaja karibu na nyonga. Wa juu upite katikati ya bega na kifua. Usiupitishe kwapani wala mgongoni.

3. Mkanda mmoja ni wa mtoto mmoja.

4. Usitumie mto au blanketi badala ya kiti. Hubonyea na kuteleza, mtoto akachomoka chini ya mkanda.

5. Ukinunua cha mtumba, kikague. Kilichopasuka, au kilichowahi kupata ajali, kiache.

Wapo wasemao ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, lakini kumtegemea Yeye hakutuzuii kumeza dawa tunapougua. Vivyo hivyo hakutuzuii kumfunga mtoto mkanda.

Wala usiseme, "Nafika Kilombero tu, narudi." Ajali haiulizi urefu wa safari. Kabla ya kuwasha gari, geuka nyuma umtazame mwanao: amekaa, ameinuliwa, amefungwa? Ndipo uondoke.