DHAMANA YA WAZIRI ANAYESIMAMIA MALIASILI ZANZIBAR: HISTORIA NA MAANA YAKE KWA MWANANCHI

Mara nyingi mwananchi anayetaka kukata boriti za mikoko, kuchimba mchanga au kuchoma tanu ya chokaa huuliza swali moja: ni Wizara ipi yenye dhamana ya jambo hili? Watumishi wa Serikali nao huulizana, hasa kila baada ya Wizara kuundwa upya. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuwasaidia wote wawili waelewe dhamana hiyo ilikotoka, namna ilivyohama kutoka Wizara moja kwenda nyingine, na kwa nini majina yakibadilika wajibu haubadiliki.

Kabla ya Mapinduzi

Kabla ya kuwapo Waziri wa aina yoyote, maliasili za Visiwa hivi zilikuwa na wasimamizi wake. Katika vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja, sheha na wazee waliojulikana kwa jina la Watu Wanne ndio walioamua mambo ya ardhi ya mji wao: nani alime wapi na mgeni apewe sehemu gani. Mamlaka yao yalitokana na mila, wala hayakuandikwa popote.

Serikali ya Himaya ya Waingereza, iliyoanza mwaka 1890, ilileta idara. Idara ya Kilimo ilishughulika zaidi na karafuu, kwa kuwa pato la Serikali lilitegemea zao hilo. Misitu ilihesabiwa kuwa jambo dogo ndani ya kilimo, na mazoea hayo ya kuiweka misitu ubavuni mwa kilimo yameacha athari ya miaka mingi. Hata hivyo amri za kuhifadhi misitu na kudhibiti ukataji wa kuni zilitungwa, na Msitu wa Jozani ukatangazwa kuwa hifadhi mwaka 1960.

Baada ya Mapinduzi ya 1964

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964 yalibadili msingi wa jambo lote. Ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi, na wakulima wasiokuwa na ardhi wakagaiwa eka tatu tatu. Tangu hapo Waziri wa Kilimo hakuwa tena msimamizi wa zao la wenye mashamba makubwa, bali mdhamini wa mali ya umma.

Muungano wa tarehe 26 Aprili, 1964 nao uliweka mpaka unaofaa kukumbukwa. Mambo 11 ya awali ya Muungano hayakutaja misitu, kilimo wala ardhi. Ndiyo maana Wizara ya Maliasili na Utalii ya Serikali ya Muungano haitoi kibali cha kukata mti Unguja wala Pemba. Jambo hilo ni la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mafuta na gesi asilia yaliingizwa katika orodha ya Muungano mwaka 1968. Baadaye Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliipa Zanzibar nafasi ya kusimamia shughuli hizo kwa sheria zake, na Baraza la Wawakilishi likapitisha Sheria ya Mafuta na Gesi mwaka 2016. Uvuvi wa bahari kuu uliwekewa mamlaka ya pamoja kwa sheria ya mwaka 1998.

Jina lililobadilika mara nyingi

Kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, Rais ndiye anayeunda Wizara na kuteua Mawaziri kutoka miongoni mwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Kwa madaraka hayo neno "maliasili" limeunganishwa na majirani mbalimbali.

Katika miaka ya 1990 palikuwa na Wizara ya Kilimo, Mifugo na Maliasili. Mazingira yalikuwa mahali pengine, chini ya Kamisheni ya Ardhi na Mazingira. Kuanzia mwaka 2000 mambo hayo yalikutanishwa katika Wizara ya Kilimo, Maliasili, Mazingira na Ushirika. Mwaka 2010, baada ya kuundwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ilianzishwa Wizara ya Kilimo na Maliasili; mifugo na uvuvi vikapata Wizara yao, na mazingira yakahamia Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Mwaka 2016 mifugo na uvuvi vilirejeshwa katika Wizara ya Kilimo na Maliasili. Mwaka 2020 uvuvi uliondoka tena na kuwekwa katika Wizara mpya ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na maliasili zikabaki pamoja na kilimo, umwagiliaji na mifugo.

Kila mpango ulikuwa na sababu yake. Misitu ikikaa na kilimo, mkulima na mhifadhi husikilizwa na Waziri mmoja. Ikikaa na mazingira, uhifadhi hupata sauti zaidi, lakini mkulima huweza kusahauliwa. Mikoko ndiyo mfano ulio wazi: ni msitu, ni mazalio ya samaki na ni ukingo wa pwani. Kwa hiyo hakuna mgawanyo wa Wizara utakaoiweka mikoko mahali pamoja bila ya kumgusa jirani, na ushirikiano baina ya ofisi ni sharti la kazi yenyewe.

Kisichobadilika

Jambo kubwa la kufahamika ni hili. Sheria nyingi hazimtaji Waziri kwa jina la Wizara yake, bali humtaja kuwa ni Waziri mwenye dhamana ya jambo husika. Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Nam. 10 ya mwaka 1996 ilipita katika zama za Wizara moja, ikaendelea kutumika chini ya Wizara nyingine kadhaa bila ya kutungwa upya kwa sababu ya jina. Kwa hiyo mtumishi asiseme kuwa faili halina mwenyewe kwa kuwa Wizara imevunjwa, wala mwananchi asidhani kuwa katazo limekufa kwa kuwa kibao cha ofisi kimebadilishwa.

Sheria hiyo ya 1996 ilileta pia jambo jipya: vijiji viliruhusiwa kufanya makubaliano na Serikali ya kusimamia misitu yao wenyewe. Pale Jozani kulikuwa na malalamiko ya kweli. Kima punju, mnyama asiyepatikana popote duniani isipokuwa Zanzibar, alikula mazao ya wakulima wa jirani, na watalii waliokuja kumtazama walilipa fedha ambazo mkulima hakuziona. Utaratibu wa kugawana mapato ya watalii na vijiji, ulioanza katika miaka ya 1990, ulimpa mkulima sababu ya kumwacha kima aishi. Mwaka 2004 eneo hilo lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na mwaka 2016 UNESCO ikalitambua kuwa hifadhi ya baiyoanuwai. Hivyo kazi aliyoifanya sheha na Watu Wanne zamani imerudi kijijini, safari hii ikiwa imeandikwa na kutiwa saini.

Mchanga na mawe ni suala zito zaidi. Mti ukikatwa hupandwa mwingine. Shimo la mchanga halijazwi na mvua. Ndiyo sababu Idara ya Misitu ilikabidhiwa pia maliasili zisizorejesheka na kubeba jina hilo. Visiwa vyetu ni vidogo na ujenzi unaongezeka kila mwaka. Gari moja la mchanga linalochimbwa bila ya kibali ni shamba la mtu ambalo halitalimwa tena.

Wito kwa wananchi na watumishi

Mwananchi anayetaka kutumia maliasili aanze kwa sheha wa shehia yake, kisha afike katika ofisi ya misitu ya Wilaya kabla ya kuanza kazi, si baada ya kukamatwa. Aidha, ahakikishe kuwa anapewa kibali cha maandishi. Watumishi nao wanakumbushwa kuwa muundo wa Wizara unapobadilika, ramani za mipaka, daftari za vibali na makubaliano ya vijiji vikabidhiwe kwa ukamilifu, kwa orodha iliyotiwa saini na pande zote mbili. Mpaka wa msitu usiokuwa na ramani ofisini hautetewi mahakamani, na makubaliano yaliyopotea kabatini huvunja imani ya kijiji kizima.

Mawaziri hupokezana na Wizara huundwa upya. Maliasili ni zile zile, na kila anayezikabidhiwa anazishika kwa niaba ya walio hai na watakaozaliwa.